Kinywa Kikavu cha Mpiga Tarumbeta

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Perpétue Kahambu
Umri: miaka 41, kwa hesabu ya mapadre waliombatiza
Kabila na nchi: Mnande, kutoka Butembo, Kongo
Dini: Mkatoliki
Kazi: muuza uji na mandazi kwenye lango la kambi ya polisi
Makao: Katwe, nyuma ya wafua mabati
Tarehe na saa: Jumapili, 6 Oktoba 1974, saa tano na robo asubuhi
Yahusu: Koplo Faustino Okullo, mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, anayesemekana kulishwa sumu. Mtuhumiwa ni mkewe, Helen Ayot, aliyeko rumande.

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema yafuatayo kwa hiari yangu. Sikuitwa na askari wala sikuletwa na gari. Nimekuja kwa miguu yangu kutoka hospitali, na misa nimeikosa, jambo ambalo sijalifanya tangu niingie nchi hii mwaka 1964. Afande ameniambia niseme kwa ufupi. Nitajaribu, lakini leo nina furaha, na mdomo wa mwenye furaha hauna breki.

Nitangulize lile kubwa. Helen Ayot hakumpa mumewe sumu. Koplo aliangushwa na vidonge vya aina mbili vilivyokutana tumboni mwake. Vya kwanza aliandikiwa na daktari. Vya pili nilimpa mimi.

Afande ameacha kuandika. Nimemwambia: andika tu, baba, ndiyo maana nimekuja.

Koplo Okullo namfahamu tangu mwaka 1969. Ni Mwaluri wa upande wa Nebbi. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu hupita kwangu kunywa uji kabla ya mazoezi, na ni mtu wa utani. Ataonja, atakunja uso, aseme, "Mama Mkongo, mtama wa leo umepita tu juu ya maji ukasalimia?" Nami namjibu, "Na tarumbeta lako la jana, lilikuwa linalia au lilimwona mchinjaji?" Tulienda hivyo karibu miaka minne. Mkewe Helen ni rafiki yangu pia. Ni mwanamke mpole, husema maneno kumi kwa siku, mimi namsaidia yaliyobaki.

Mwezi wa Agosti mwaka jana mdogo wake Koplo alisafiri. Andika hivyohivyo, afande: alisafiri, na hajarudi. Tangu siku hiyo Koplo akawa anapita langoni bila kusimama. Akisimama, anashika kikombe mpaka uji unaganda, kisha ananirudishia kikiwa kimejaa. Tarumbeta alipiga kwa amri tu. Helen aliniambia kwamba mumewe anaamka saa tisa za alfajiri na kukaa kitandani akiangalia ukuta. Miezi kumi hivyo. Nilimwekea nia ya misa mara nne.

Mwezi wa Juni mwaka huu Koplo mwenyewe akarudi. Sijui niseme vipi tena, mtu alirudi ndani ya ngozi yake. Asubuhi moja alisimama, akanywa vikombe viwili, akasema, "Mama Mkongo, leo uji wako una makapi." Banange! Nilitaka kumkumbatia pale barabarani, mtu na sare yake. Nilimpa mandazi mawili ya bure, nikajisifu moyoni kwamba ni zile misa zangu. Kumbe Helen alikuwa amempeleka kwa daktari wa akili kwa siri, akaandikiwa vidonge. Hilo sikulijua wakati ule. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Mnamo tarehe 30 Septemba 1974, siku ya Jumatatu, Koplo alikuja saa yake ya kawaida, anasemea puani, na ulimi wake unapiga kelele mdomoni kama ndala. "Mama Mkongo, nina mafua," akasema. Bendi ilikuwa inafanya mazoezi ya sherehe za Uhuru za tarehe 9. Mpiga tarumbeta anahitaji mate kama fundi cherehani anavyohitaji uzi. Aliniambia midomo inanata kwenye chuma, inatoka hewa tupu, na mkuu wa bendi ameshamtolea macho mara mbili.

Sasa najua hakuwa na mafua yoyote. Daktari alikuwa amemwongezea dozi wiki iliyotangulia, na vile vidonge vya huzuni ndivyo vinavyokausha kinywa na kuziba pua. Lakini angesema nini mbele ya watu? Bendi ikisikia kwamba unakunywa dawa za wagonjwa wa akili, inakunyang'anya tarumbeta, na baada ya tarumbeta inakunyang'anya nyumba ya kambini. Kwa hiyo alitaja ugonjwa ambao haujawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Mimi nina kopo la vidonge. Sisi tuliotoka Kongo kila nyumba ina kopo lake, linajazwa na ndugu wanaopita mpakani, kwa sababu dawa madukani siku hizi ni za kuota tu. Mtu akikohoa tunamfungulia kopo kabla hajamaliza kukohoa. Ndivyo tulivyolelewa, kumnyima mgonjwa kidonge ni sawa na kumnyima maji. Vya mafua ni vile vidogo vya manjano, vinavyokausha kamasi na kuleta usingizi. Nilimpa viwili, akavishushia na uji. Nilijiona daktari kabisa.

Tarehe 1 Oktoba alikuja kinywa kimekauka kuliko jana. Mwenye akili angesema dawa haimfai. Mimi nilisema mafua haya ni ya kiburi, nikampa vinne, viwili vya hapo na viwili vya jioni nikamfungia kwenye karatasi ya gazeti. Tarehe 2 alilalamika kwamba nota haoni, zinamtembea kwenye karatasi kama sisimizi, na choo hakipati siku ya tatu. Nikampa papai na vinne vingine. Tarehe 3 nilimpa sita.

Afande ananitazama. Ndiyo, sita. Nilimpenda yule mtu kama mdogo wangu, na mapenzi yangu hayana kipimo, hata mandazi yangu watu wanalijua hilo.

Mnamo tarehe 4 Oktoba, Ijumaa, saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi, nilikuwa langoni nikiangalia mazoezi kupitia waya. Bendi ilikuwa imekaa. Mkuu wa bendi akainua fimbo, wote wakasimama kwa wimbo wa taifa. Koplo naye akasimama, akayumba, akaanguka, tarumbeta likabingirika hadi kwenye ngoma kubwa. Niliruka uzio. Nasema ukweli, afande, na mwili wangu huu niliruka uzio. Nilipomgusa alikuwa wa moto kama sufuria, na kwenye jua lile hakuwa na tone la jasho. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka zimejaa jicho zima. Alikuwa anachuma vitu hewani na kuita kuku ambao hawakuwapo.

Phelister, jirani yao kambini, ndiye aliyepiga kelele kwanza. "Kikulacho ki nguoni mwako!" akasema. "Amelishwa sumu huyu, na mke wake ana kichupa anakificha kwenye unga, nimekiona kwa macho yangu." Askari walikwenda nyumbani kwa Koplo wakakuta kweli, ndani ya mtungi wa unga wa mtama, kichupa cha vidonge kisicho na jina. Helen akaulizwa ni vya nini. Akanyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza. Ilipofika saa sita mchana alikuwa ameshaletwa hapa, na watu walikuwa wanasema ni njama ya kuharibu sherehe ya taifa.

Jioni ile nilisikia kwamba Jumatatu tarehe 7, yaani kesho, Helen atahamishwa. Sikuambiwa anahamishiwa wapi. Wewe unajua, afande, na mimi nimeuza uji langoni miaka mitano, magari nayaona yakitoka. Wanaohamishwa namna ile hawarudi hata kudai mabeseni waliyoyaacha.

Tarehe 5 Oktoba, Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilifika wodini na chupa ya uji. Koplo alikuwa amefungwa mikono kwa shuka ili asijidhuru. Alinitazama, akaniita Bwana Mkuu wa Bendi, akaniomba ruhusa ya kwenda kulisha kuku. Nilicheka huku machozi yananitoka. Msimamizi wa wodi ni Sista Kulusum, Mnubi, mwanamke mfupi ambaye hata madaktari wanampisha njia. Alikuwa amemtia Koplo mpira wa kutolea mkojo, kwa sababu kibofu kilikuwa kimejaa kama ngoma na hakitoi hata tone.

"Huyu amekula dawa gani?" akaniuliza.

Nilimwonyesha kopo langu. Akamimina vile vya manjano kiganjani, akavigeuza kwa kidole.

"Hivi tu? Kwa mwanamume wa ukubwa huu? Hapana, mama. Kuna kingine chini yake. Nitafutie hicho kingine upesi, moyo wake unakimbia vibaya."

Nilifika kituoni hapa saa tano kamili nikiwa na chakula cha Helen. Konstebo Adyero alikuwa zamu, akakichokora chakula kwa kijiko, akaniruhusu nisogee kwenye nondo. Helen alikuwa amekaa sakafuni ameegemea ukuta. Hakugusa sahani. Sikujua nianzie wapi, nikaanza na la mwisho.

"Helen, mimi ndiye niliyemwangusha mumeo. Nilimpa vidonge vya mafua. Wiki nzima. Alhamisi nilimpa sita."

Alinitazama kama aliyeamshwa usingizini. "Vya mafua? Faustino hana mafua, dada."

"Kinywa kilimkauka!"

"Kinywa kinakaushwa na vile vyangu," akasema. Kisha akajiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Nikamshika vidole kupitia nondo, nikamwambia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sema." Akasema kwa sauti ya chini. Vinaitwa amitriptilini, ni vya huzuni, vitatu kila mumewe anapokwenda kulala. Alimwapia mumewe kwa kaburi la mama yake kwamba hatamwambia mtu. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema jana, na maisha yake yamo hatarini. Akanijibu, "Nikisema watamnyang'anya tarumbeta, atarudi kutazama ukuta. Nimeshaishi na ule ukuta." Mambo gani haya, jamani! Mwanamke yumo rumande, Jumatatu inamsubiri, na anachohofia ni tarumbeta la mumewe. Nilitaka kumpiga kofi na kumbusu kwa wakati mmoja.

Nikatoka mbio. Kutoka hapa hadi hospitali ni mlima, na mimi ni mnene, afande anajionea mwenyewe. Nilipomtajia Sista Kulusum lile jina alijipiga paja kwa kiganja. "Basi, ndiyo hiyo! Vya huzuni vinakausha, vya mafua vinakausha. Wewe umemkausha mtu aliyekwisha kukauka." Akanieleza kwa vidole vyake: kinakauka kinywa, linakauka jasho, macho yanashindwa, tumbo linafunga, mkojo unazuiwa, na mwisho akili yenyewe inapotea njia. Na ule mwanguko wa Ijumaa, alisema, ni kwamba vidonge vya huzuni vinashusha nguvu ya damu mtu anaposimama ghafla.

Nilimwomba avitupe vyote. Akanikemea. Alisema vya huzuni ni dawa nzuri, vimewarudisha wengi nyumbani kwao, ila havitaki kuchanganywa hovyo, si na vya mafua, si na vya usingizi, si na pombe kali ya waragi. Kosa si la dawa, alisema, ni la midomo iliyofungwa na makopo yaliyofunguliwa. Hapo nilifunga kopo langu, na watu wanaonifahamu hawataamini. Daktari wa zamu alikuja, akapima moyo, akakubaliana naye. Alisema wasimamishe vyote viwili kwanza, wampe maji ya dripu, wamfute kwa vitambaa vyenye maji, na sisi wengine tusubiri.

Leo tarehe 6 Oktoba nilifika wodini saa kumi na mbili asubuhi. Koplo alifumbua macho, mboni zimerudi kuwa za mtu. Akasema, "Mama Mkongo, mbona biashara hujafungua?" Nilipiga ukelele hadi mgonjwa wa kitanda cha jirani akadondosha chai yake.

Sista Kulusum akautoa ule mpira, akatoa na amri: "Asipokojoa mwenyewe kabla ya saa nne, naurudisha." Sasa, afande, wodi ile ina vitanda ishirini na vinne na hakuna siri hata moja. Kila kitanda kikatoa ushauri. Mmoja alifungua bomba ili maji yamkumbushe. Mzee mmoja aliyevunjika mguu akampigia mluzi kama tunavyowapigia watoto. Koplo nyuma ya pazia na kopo lake la mkojo anasema, "Mkinisikiliza siwezi!" Basi tukajifanya hatusikilizi. Watu ishirini na watatu walikaa kimya, wameinamisha vichwa kama misani wakati padre anageuza mkate na divai, Mungu anisamehe.

Saa tatu na dakika kumi tukasikia. Kwanza tone. Kisha tone. Kisha kama mto Nile wenyewe unavyotoka pale Jinja. Aliyepiga kigelegele cha kwanza ni Phelister, alikuwa amekuja kuomba radhi, akaanza na hicho. Wodi nzima ikalipuka. Mzee wa mguu alipiga kitanda kwa gongo lake. Sista Kulusum aliingia kwa hasira akisema hii ni hospitali si arusi, akachungulia kopo, akaona kipimo, na yeye akapiga kigelegele cha Kinubi kilichotushinda wote.

Koplo alitoka nyuma ya pazia ameshika ukuta, anacheka. Akatazama kila uso. Akauliza, "Helen yuko wapi?"

Kicheko kikaisha. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa sababu wengine wote walitazama chini. Nilimwambia yote, hata ile Jumatatu. Akasema anavaa suruali anakuja kituoni. Aliposimama wima miguu ikamkatalia, tukamrudisha kitandani. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Nenda uwaambie," akasema.

"Nikisema vya huzuni, bendi nzima itajua."

"Wajue. Afadhali niitwe kichaa mwenye mke kuliko mzima niliyefiwa. Waambie vyote, na jina la dawa waandikie kwa wino."

Kwa hiyo nimekuja, na haya ninayoyasema nimetumwa niyaseme. Nimeleta barua ya daktari yenye muhuri, inasema alichokula Koplo na kwamba hakuna sumu. Nimeleta karatasi aliyoandika Koplo mwenyewe, maandishi yamepinda lakini sahihi ni yake. Nimeleta na kopo langu, lina vidonge vya manjano vilivyobaki, afande avihesabu. Kile kichupa mlichokishika kama kidhibiti ni dawa ya mtu, naomba kirudishwe, daktari atasema lini aanze tena na kwa kiasi gani.

Mkosaji ni mimi. Nilitoa bila kuuliza, nikaongeza bila kufikiri, na nia yangu ilikuwa mate ya mtu yarudi apige tarumbeta. Kama sheria lazima iondoke na mtu kesho, iondoke na mimi niliyefungua kopo. Isimchukue Helen, aliyefunga mdomo kwa kumpenda mumewe. Naogopa, sisemi siogopi. Lakini mtu wangu yu hai, amekojoa, ameniuliza habari za biashara yangu, na furaha hiyo hakuna wa kuniondolea leo.

Nimesema nilichokiona, nilichokisikia na nilichokitenda, na sina neno la kupunguza hapo.

(Sahihi) Perpétue Kahambu

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini J. Candia, kwa Kiswahili, na kumsomea shahidi kuanzia saa saba na dakika tano mchana. Amekubali kwamba ndivyo alivyosema. Nilimshauri mara mbili aondoe maneno "vya pili nilimpa mimi", nikamweleza yanaweza kumletea nini. Mara zote mbili alikataa.

Barua ya daktari nimeihakikisha kwa simu. Kwa kuwa hakuna sumu hakuna shauri, na kwa kuwa hakuna shauri hakuna mtu wa kuhamishwa kesho. Nimeandika hivyo kwenye kitabu cha rumande kwa mkono wangu na kutia sahihi. Helen Ayot ameachiliwa saa nane mchana na kukabidhiwa kichupa chake. Kopo la vidonge vya manjano nimelizuia.

Shahidi alipofika asubuhi alikuwa na furushi. Lilikaguliwa kaunta na Konstebo Adyero, likakutwa na blanketi moja, kipande cha sabuni, kanga na rozari. Alipoulizwa ni vya nini alijibu, "Nilijua mtahitaji mtu mmoja humo ndani, nikaja nimejiandaa."

Wanawake wote wawili wametoka kwa mlango wa mbele. Blanketi nimemrudishia shahidi.